Swali la 6 la Olimpiadi ya Hisabati ya 1988: huo mraba unatoka wapi?

Mwalimu wa Jioni ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia kikundi cha wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaojiandaa kwa mashindano ya hisabati, na tumekwama kwenye swali la 6 la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati iliyofanyika Canberra, Australia, mwaka 1988. Swali lenyewe ni fupi: a na b ni namba kamili chanya, na a² + b² inagawanyika kwa ab + 1 bila baki, thibitisha kwamba jibu la mgawanyo huo ni mraba wa namba kamili.

Uthibitisho unaojulikana tumeusoma. Jibu la mgawanyo linaitwa k, tunachukulia kwamba k si mraba, tunachagua jozi (a, b) ambayo jumla yake ni ndogo kuliko za jozi zote zinazotoa k hiyo, kisha tunaunda jozi nyingine yenye jumla ndogo zaidi, na hapo hoja inajikana yenyewe. Wanafunzi wangu wanaikubali kila hatua, lakini uthibitisho mzima hauwaridhishi, na nikisema kweli hata mimi hauniridhishi sana. Kwanza wanauliza tumepata wapi ruhusa ya kuchagua jozi iliyo ndogo kuliko zote, ilhali hatujui jozi hizo ni ngapi wala zikoje. Pili, wanaona kwamba lile sharti la k kutokuwa mraba, ambalo ndilo kiini cha swali, linatumika mahali pamoja tu, tena kwa nusu sentensi, pale tunaposema kwamba namba mpya haiwezi kuwa sifuri. Mmoja wao aliuliza hivi: kama k ni mraba, basi ni mraba wa nini? Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, na ningependa kusikia mnavyolifundisha jambo hili.

Kikokotoo amejibu:

Mwalimu, nianze na jozi iliyo ndogo kuliko zote, maana hilo halina ugumu mkubwa. Kundi lolote la namba kamili chanya, mradi lisiwe tupu, lina namba iliyo ndogo kuliko nyingine zote, na hatuhitaji kuijua ni ipi ili tuwe na hakika kwamba ipo. Sehemu hazina sifa hiyo, kwa kuwa ukinipa sehemu yoyote iliyo chanya nitaigawa kwa 2 na kukurudishia iliyo ndogo zaidi. Kwa hiyo wanafunzi wako wana haki ya kuuliza, na jibu lao ni kwamba ruhusa hiyo inatokana na ukweli kwamba jumla a + b ni namba kamili chanya. Swali hilihili likiulizwa kuhusu sehemu, hoja yote inaanguka.

Sasa twende kwenye kiini. Tunayo a² + b² = k(ab + 1), na tuchukue kwamba a si ndogo kuliko b. Tuiache b na k kama zilivyo, kisha tuifanye a kuwa namba isiyojulikana. Tutapata mlinganyo wa kipeo cha pili, x² − kbx + (b² − k) = 0, ambao jibu lake mojawapo tunalijua tayari, nalo ni a. Jibu la pili tuliite c. Kwa kanuni za Viète, Mfaransa wa karne ya 16 ambaye mbinu hii ya kuruka kutoka jibu moja la mlinganyo hadi la pili imepewa jina lake (kuruka kwa Viète), jumla ya majibu mawili ni kb na zao lake ni b² − k, ndiyo kusema c = kb − a, na wakati huohuo c = (b² − k)/a.

Wanafunzi wazione njia hizo mbili za kuiandika c kwa pamoja, kwa sababu kila moja ina kazi yake. Njia ya kwanza inatuambia kwamba c ni namba kamili, jambo ambalo ya pili inalificha kwa kuwa ina mgawanyo ndani yake. Njia ya pili inatuambia ukubwa: b² − k ni ndogo kuliko b², na kwa kuwa a si ndogo kuliko b, c ni ndogo kuliko b²/a, ambayo nayo haizidi b. Kwa hiyo c < b, na b haizidi a. Wako wanaoitenga kwanza hali ya a = b na kuishughulikia peke yake, lakini ukipanga hoja namna hii hakuna haja.

Limebaki suala la alama. Je, c inaweza kuwa hasi? Hapo tusitumie kanuni za Viète, bali turudi kwenye mlinganyo wa mwanzo, c² + b² = k(cb + 1). Kama c ni hasi basi cb ni −1 au chini ya hapo, upande wa kulia unakuwa sifuri au hasi, na upande wa kushoto ni chanya kwa vyovyote vile. Haiwezekani. Mtahiniwa asiyeandika sentensi hiyo ameacha pengo ambalo msahihishaji hataliruka, hata kama mengine yote yamekaa sawa.

Kwa hiyo c ni sifuri au ni chanya. Kama k si mraba, c haiwezi kuwa sifuri, kwa kuwa c = 0 kungemaanisha b² = k. Basi c ni chanya, na jozi (b, c) ina jumla ndogo kuliko (a, b) na inatoa k ileile, kinyume na tulivyochagua. Kwa upande wa mantiki uthibitisho umekamilika. Swali la mwanafunzi wako la mraba wa nini nawaachia wengine, maana hoja ya mkinzano kwa asili yake hailijibu.

Bi Namba Tasa amejibu:

Mwanafunzi aliyeuliza swali hilo mpe pongezi zangu, Mwalimu, kwa sababu amegusa kasoro ya kweli. Mimi sipendi uthibitisho huu ufundishwe kwa njia ya mkinzano. Mkinzano unaanza kwa kudai jambo la uongo, yaani kwamba k si mraba, na kwa hiyo kila unachokijenga baada ya hapo ni kitu kisichokuwapo. Mwanafunzi anapewa jozi ambayo hawezi kuiandika ubaoni. Hoja ya Kikokotoo iko sahihi kabisa, ila ukiondoa sharti la k kutokuwa mraba na kuiacha hoja ishuke yenyewe, inasema mengi zaidi.

Wape jozi (112, 30). Miraba yake ni 12544 na 900, jumla 13444. Zao la 112 na 30 ukiongeza 1 ni 3361, na 3361 × 4 = 13444, kwa hiyo k = 4. Sasa waikokotoe c kwa kanuni ya kb − a. Nne mara 30 ni 120, toa 112, inabaki 8, na jozi mpya ni (30, 8). Nne mara 8 ni 32, toa 30, inabaki 2, na jozi ni (8, 2). Nne mara 2 ni 8, toa 8, inabaki sifuri. Tumefika kwenye (2, 0), na ukiiweka jozi hiyo kwenye mlinganyo unapata 2² + 0² = k(0 + 1), yaani k = 2². Hapo mraba uko mbele ya macho yao.

Jambo hilihili hutokea kwa jozi yoyote. Kila hatua inatoa namba kamili, isiyo hasi, iliyo ndogo kuliko zote mbili za jozi iliyotangulia, na mteremko wa namba kamili zisizo hasi hauwezi kuendelea bila mwisho. Utakoma, na hauwezi kukoma penginepo isipokuwa kwenye sifuri, kwa sababu maadamu namba zote mbili ni chanya hatua nyingine inawezekana. Ukikoma kwenye (d, 0), mlinganyo unasema d² = k. Ile nusu sentensi iliyowasumbua, kwamba c haiwezi kuwa sifuri, ilikuwa imelificha jibu lenyewe.

Na hiyo d ni nini? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Tazama tena c = kb − a. Namba yoyote inayozigawa a na b bila baki inaigawa c pia, na inayozigawa b na c inaigawa a. Kwa hiyo Kigawo Kikubwa cha Shirika cha jozi hakibadiliki tunapoteremka, na KKS ya d na sifuri ni d. Maana yake ni kwamba d ni KKS ya a na b za mwanzo. Mwanafunzi wako aliuliza k ni mraba wa nini. Mwambie ni mraba wa KKS ya a na b, dhana aliyoisoma shule ya msingi. Ajaribu kwa 240 na 27: KKS ni 3, kwa hiyo jibu la mgawanyo linapaswa kuwa 9, na kweli 57600 + 729 = 58329, ambayo ni 6481 × 9.

Ukitaka kuwapa zoezi, waulize kuna jozi ngapi ambazo a haizidi 1000 na b haizidi a. Lina ladha ya maswali ya kuhesabu, na anayeuelewa mteremko huu atalimaliza bila kujaribu jozi mojamoja.

Duaradufu amejibu:

Bi Namba Tasa amemaliza upande wa namba, nami naongeza upande wa jiometri, maana kuna wanafunzi ambao hawaoni kitu mpaka kichorwe. Andika x² − kxy + y² = k na uchore kwa thamani mbalimbali za k. Kwa k = 1 unapata duaradufu, na nukta zake zenye namba kamili ni chache, ambapo iliyo chanya kote ni (1, 1) peke yake. Kwa k = 2 mchoro unavunjika kuwa mistari miwili sambamba, kwa sababu (x − y)² = 2, na hakuna namba kamili mbili ambazo tofauti yake ni kipeuo cha pili cha 2. Kuanzia k = 3 unapata haipabola yenye matawi mawili, moja juu ya mstari y = x na jingine chini yake, na kila tawi ni taswira ya mwenzake katika mstari huo.

Nukta (a, b), kwa a iliyo kubwa kuliko b, iko kwenye tawi la chini. Kutoka hapo chora mstari wa mlalo kuelekea kushoto. Utalikata tawi la juu kwenye nukta (c, b), na huko ndiko kuruka kwenyewe. Kisha igeuze nukta hiyo katika mstari y = x, nayo inarudi tawi la chini ikiwa (b, c). Unarudia. Nukta zinateremka kuelekea mahali ambapo tawi la chini linaukata mhimili wa x, yaani (√k, 0). Ile hoja ya Kikokotoo kuhusu alama inasema kwamba, kwenye kipande cha mchoro ambako x na y zina alama tofauti, hakuna nukta hata moja yenye namba kamili, kwa hiyo mteremko hauwezi kuuvuka mhimili. Lazima utue juu yake. Kama √k si namba kamili, hakuna pa kutua, na ndiyo sababu haipabola ya k = 3, ingawa inachorwa vizuri bila tatizo, haina nukta hata moja yenye namba kamili.

Mchoro si uthibitisho na usiwaruhusu wauwasilishe hivyo. Ila baada ya kuuona, hakuna mwanafunzi atakayesahau kwa nini tunaanza na a iliyo kubwa: tukianza na iliyo ndogo, mstari wa mlalo unatupeleka kulia na tunapanda badala ya kushuka. Kupanda nako kuna faida yake, maana ndiko kunakoonyesha kwamba kila mraba kuanzia 4 una jozi zisizo na kikomo.

Wakilalamika kwamba ni gumu, wana haki. Washiriki walikuwa 268 kutoka nchi 49, na waliopata alama zote 7 za swali hili walikuwa 11. Terence Tao, leo mwanahisabati mashuhuri, ambaye alitimiza miaka 13 mwezi huohuo na kuondoka na medali ya dhahabu, alipata alama 1 katika swali hili. Miongoni mwa waliolimaliza walikuwamo Ngô Bảo Châu wa Vietnam, aliyekuja kupata medali ya Fields, mojawapo ya tuzo za juu kabisa za hisabati, mwaka 2010, na Nicușor Dan, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa rais wa Romania. Siku ya mtihani washiriki hupewa saa nne na nusu kwa maswali matatu, na la 6 ndilo la mwisho la siku ya pili.

Mwalimu wa Jioni ameandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimeufundisha mteremko kama alivyoueleza Bi Namba Tasa, na hoja ya KKS imewafurahisha kuliko nilivyotarajia. Katika zoezi la kuhesabu wengi waliziona jozi za aina ya (n³, n) pekee wakapata 10, na mmoja akapata 14. Naomba mtuthibitishie.

Kumezuka pia swali jipya. Mwanafunzi mmoja alibadilisha alama, akaweka ab − 1 mahali pa ab + 1. Alijaribu (2, 1), (3, 1), (9, 2) na (14, 3), na kila mara jibu la mgawanyo lilikuwa 5. Tano si mraba, na KKS ya jozi hizo zote ni 1. Je, mteremko umevunjika wapi?

Bi Namba Tasa amejibu:

Ni 14. Kwa kila d tunapanda kutoka (d, 0) kwa kanuni ileile. Kwa d = 1 kuna (1, 1) tu. Kwa d = 2 mfuatano ni 2, 8, 30, 112, 418, na inayofuata ni 1560, kwa hiyo jozi ni nne. Kwa d = 3 ni 3, 27, 240, kisha 2133, jozi mbili. Kwa d = 4 ni 4 na 64, na inayofuata, 1020, inapita mpaka kidogo tu. Kuanzia 4 hadi 10 kila d inatoa jozi moja, jumla saba. Waliopata 10 walisahau kwamba ngazi zinaendelea juu ya (n³, n).

Kikokotoo amejibu:

Mteremko haujavunjika, Mwalimu, ila unatua mahali pengine. Tukiwa na a² + b² = k(ab − 1), mlinganyo wa x unakuwa x² − kbx + (b² + k) = 0. Jibu la pili bado ni c = kb − a, namba kamili, lakini sasa c = (b² + k)/a, ambayo ni chanya daima. Sifuri haifikiki kamwe, kwa hiyo mraba hauna pa kutokea.

Hapa jozi iliyo ndogo kuliko zote inahitajika kwelikweli, nasi tunaitafuta kwa majina. Tuiachie k thamani yake na tuchague jozi yenye jumla ndogo kabisa, a ikiwa si ndogo kuliko b. Hali ya a = b haiwezekani, kwa kuwa 2a² = k(a² − 1) inadai a² − 1 iigawe 2 bila baki, yaani a² iwe 2 au 3. Kwa hiyo a > b. Jozi (c, b) nayo inatimiza mlinganyo, na kwa kuwa tumechagua jumla ndogo kabisa, c si ndogo kuliko a, ndiyo kusema b² + k si ndogo kuliko a². Basi k ni angalau a² − b², ambayo ni (a − b)(a + b), na hiyo haiwezi kuwa chini ya a + b. Tukizidisha kwa ab − 1 tunapata kwamba a² + b² si ndogo kuliko (a + b)(ab − 1).

Sasa tuseme b ni 2 au zaidi, hivyo a ni 3 au zaidi. Upande wa kulia ukifunguliwa ni a²b + ab² − a − b, na a²b pekee ni angalau 2a². Ondoa a² + b² na utabakiwa na angalau (a² − a) + b(ab − b − 1), na mabano yote mawili ni chanya. Upande wa kulia umezidi, jambo ambalo tumeshasema haliwezekani. Kwa hiyo b = 1, na k = (a² + 1)/(a − 1), ambayo ni a + 1 + 2/(a − 1). Ili iwe namba kamili, a − 1 lazima iwe 1 au 2, a ni 2 au 3, na katika hali zote mbili k = 5.

Kwa hiyo mwanafunzi wako ameona sawasawa: 5 ndilo jibu pekee. Ngazi za kupanda ni mbili, moja ikianza 1, 2, 9, 43 na nyingine 1, 3, 14, 67, na jozi alizojaribu ni hatua mbili za mwanzo za kila ngazi. Akishamaliza hilo, mpe swali la 5 la Olimpiadi ya mwaka 2007 iliyofanyika Hanoi: kama 4ab − 1 inaigawa (4a² − 1)² bila baki, thibitisha kwamba a = b. Kabla ya kuruka, atahitaji kwanza kuonyesha kwamba 4ab − 1 inaigawa (a − b)², na sehemu hiyo asisaidiwe.